Mti Wenye Mzinga

Kwetu Rungwa, mti wenye mzinga haukatwi. Baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo: ukishatundika mzinga wako, mti huo ni wako, na atakayeupiga shoka atajibu mbele ya wazee. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo, na msitu ulikuwepo.

Kisha wakaja wataalamu kutoka mjini, mashati yamenyooshwa, wakatuambia hatuna usimamizi. Ikaundwa kamati ya maliasili. Wajumbe wake walikuwa watu ambao nyuki hajawahi kuwauma hata mara moja. Wakakaa semina, wakala wali kwa kuku, wakaamua mizinga yote ishushwe msituni, ipangwe kando ya barabara, ili wageni waione bila kuchafua viatu. Nilisimama mkutanoni nikauliza miti tunamwachia nani. Mwenyekiti wa kamati alicheka. "Mzee, siku hizi kuna kamati."

Tukaishusha mizinga. Vumbi la malori likawafukuza nyuki, na huko msituni wachoma mkaa wakakuta miti haina mwenyewe, wakaifyeka. Kamati haikujua lolote, maana wajumbe hawaingii msituni. Wanaogopa kuumwa na mbung'o.

Juzi wale wataalamu wamerudi na gari lililojaa miche, wanataka tuipande palepale, katikati ya visiki. Mwenyekiti, bila hata chembe ya haya, akatugeukia sisi warina asali, akauliza: "Sasa wazee wangu, hii miche nani atailinda?"