Maganda Yaliyolainika

Verna Tveit alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa siku moja unaoondoka kwa usingizi. Alichoka tangu majira ya baridi, tangu mumewe Orrin alipopigwa na kiharusi akipasua kuni, akaamka hospitalini na mkono wa kulia unaoshika kwa shida, usiojua moto wala baridi. Miaka mingi Verna alikuwa mpishi wa shule pale bondeni, Montana, akilisha watoto wa wakata mbao, na alipostaafu alidhani zamu yake imekwisha. Kumbe alibadilishiwa jiko tu.

Sasa, juu ya kumfunga mzee kamba za viatu na kumkatia nyama sahanini, kukawa na kazi ya maganda ya risasi.

Katika ujana wake Orrin alibuni risasi yake mwenyewe. Wenye mchezo huo huziita risasi za namna hiyo paka mwitu, maana hakuna kiwanda kinachokubali kuwa baba yao. Dukani huzipati. Ukitaka ganda, ununue la risasi nyingine lenye shingo pana, ulibane shingo kidogo kidogo kwenye kalibu mpaka likubali umbo jipya. Bunduki za kula risasi ya Tveit zilikuwa tatu tu, na wenye mbili walikwisha kuzikwa. Mwaka huu, baada ya kuomba na kunyimwa mpaka akaota mvi, Orrin alipata kibali cha kuwinda kulungu dume wa mlima wa nyuma ya bonde. Msimu ungefunguliwa Jumamosi, na maganda yake ya zamani yote yalikuwa yamepasuka shingo.

"Ishirini yatatosha," alisema, kama mtu anayeagiza mayai.

"Ishirini? Kulungu mmoja, mzee! Au unakwenda kumaliza ukoo mzima?"

"Mengine yataharibika. Mikono yako bado migeni."

"Mikono yangu ina miaka sabini."

"Kwa kazi hii ni migeni."

Basi kila baada ya chakula cha jioni Verna alikaa gereji, akavuta mkono wa mashine ya kubania maganda mpaka bega likamuuma, na Orrin pembeni kwenye kiti chake, bwana mkubwa, akitoa amri. Mafuta ya kulipaka ganda yakizidi, linabonyea begani, pale shingo inapoanzia. Yakipungua, linakwama ndani ya kalibu na kung'ang'ania humo.

"Mafuta mengi hayo, mama! Unakaanga samaki?"

"Njoo uvute wewe basi."

Lilimtoka tu. Orrin alitazama mkono wake uliolala pajani, na Verna alijichukia mpaka asubuhi.

Baada ya kubanwa, maganda yalitaka kutanuliwa mabega. Orrin alikuwa na njia yake: baruti kidogo, juu yake unga wa mahindi, mdomo ukazibwa kwa nta, kisha Verna akasimama uani na kufyatua bunduki juu. Haikutoka risasi, ulitoka unga. Ganda likatoka na mabega yaliyosimama vizuri, na kuku wakaja mbio. Jirani yao Loretta, aliyefuata mayai, alisimama getini mikono kiunoni.

"Verna! Kuku wako unawalisha kwa bunduki siku hizi?"

"Wamechoka kula chini," Verna alijibu, na siku hiyo alicheka kidogo.

Ilipofika Jumatano, kazi ilibaki moja: kupasha shingo za maganda moto ili zilainike zisipasuke. Shingo tu. Kitako lazima kibaki kigumu, maana ndicho kinachobeba nguvu ya baruti. Kikilainika, bunduki humpasukia mwenyewe usoni. Orrin hakuamini vipimo vya kisasa. Alifundisha bonde zima njia yake: shika ganda kitakoni kwa vidole vitupu, zungusha shingo kwenye ndimi za moto, na vidole vikianza kuungua, tupa ganda kwenye maji. "Vidole havidanganyi," alikuwa akisema.

Verna aliahirisha. Alikaa kitini kupumzika kidogo, akapitiwa na usingizi na aproni yake kiunoni, na alipoamka kulikuwa kumekucha na mtu amemfunika blanketi. Alikwenda gereji. Maganda yote ishirini yalikuwa yamepangwa mezani juu ya taulo, safi, makavu.

"Nimekumalizia," Orrin alisema mlangoni, mkono mmoja mfukoni, uso umemchangamka kama bwana harusi. "Ulikuwa unakoroma, nikasema leo mama apumzike."

"Ahsante, mzee," alisema Verna. Kisha akainua ganda moja karibu na dirisha.

Ule weusi wa samawati uachwao na moto, ambao ulipaswa kukomea begani, ulikuwa umeshuka mpaka chini. Akachukua jingine, na jingine. Alibana kitako kimoja kwa koleo, kikabonyea kama kifuniko cha chupa ya soda.

Hapo uchovu ulimwambia neno baya: nyamaza. Hakuwa na nguvu ya kuanza upya, wala siku hazikuwapo. Labda kulungu hatatokea. Labda Orrin hatafyatua. Alisimama na lile neno kwa muda ambao baadaye aliuonea aibu.

"Nimeyaharibu," Verna alisema hatimaye. "Niliamka usiku nikayarudisha motoni, nikidhani hayajalainika. Nimeyapitiliza yote, Orrin. Hayafai."

Mzee akawaka! Alimwita kichwa kigumu, alimwita mpishi wa shule asiyejua kitu ila kuchemsha, akauliza kama alikuwa anaoka biskuti. Sauti ilijaa gereji, ile sauti ya kabla ya kiharusi, na Verna alisimama akiipokea yote kichwa chini. Hakuwa amewahi kufurahia kutukanwa namna ile. Huku akitukanwa, alianza kuyavunja maganda kwa koleo moja moja, maana ndivyo ifanywavyo, ganda baya lisije likaokotwa na mtu.

Verna alipofika kama katikati, Orrin aliacha matusi akasogea mpaka mezani. Gereji ikabaki na mlio wa shaba inayopondeka.

"Mama."

"Naam."

"Usiku hukuamka. Mimi ndiye niliyekufunika blanketi."

Alitoa mkono wa kulia mfukoni na kuufungua mbele yake. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeumuka malengelenge, moja limepasuka na linatoa maji.

"Nilikuwa nangoja viungue," alisema. "Kila ganda nilingoja viungue. Sikusikia kitu, Verna."

Verna aliweka koleo chini. Alileta bakuli la maji baridi, akauzamisha mkono ule na kuushikilia, ingawa mzee asingejua tofauti ya baridi na moto.

"Jumamosi unipeleke tu mpaka ukingoni mwa msitu," Orrin alisema. "Nimtazame huyo kulungu. Bunduki ibaki nyumbani."

Kisha, kwa mkono wake wa kushoto, alimsogezea kiti.