Boga la Shimo la Taka

Wasomaji, naomba mnisamehe kwa mwandiko wangu mbaya na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu.

Kwetu ni Kerenge, nyumba za mwisho kabla ya msitu. Gari la taka halifiki huku. Tulikuwa na shimo moja, sisi na mama jirani, na kila Jumamosi mimi ndiye niliyelichoma.

Masika ya mwaka jana mvua ilinizuia kuchoma kwa wiki kadhaa, na niliporudi nilikuta boga limejiotea shimoni. Kiberiti kilikuwa mkononi. Bibi yangu alikuja kuchuma majani ya mboga, akageuza moja lenye madoa meupe, akaacha kuchuma.

"Usiwashe. Hili ni boga letu la zamani."

Mbegu ile ilipotea wakati wa ukame. Bibi aliitafuta mpaka sokoni Korogwe, akaambulia maboga ya majimaji. Lazima moja ilibaki ndani ya kibuyu kibovu alichokitupa.

Basi hatukuchoma. Lakini mama jirani ana mtoto mchanga, na pampasi zikajaa shimoni. Inzi wakahamia jikoni kwake.

"Shikamoo, Bibi. Tunanuka sasa. Mwache kijana awashe."

"Marahaba, mwanangu. Subiri likomae."

"Limekaa juu ya pampasi za mwanangu! Mtalila kweli?"

"Kama mwanao ndiye aliyelilea, basi ni ndugu yake. Liletee na uji."

Alicheka, ila akasema Jumamosi atawasha mwenyewe. Nilijua ana haki, na nilijua Bibi hatapata mbegu nyingine. Mbele ya wakubwa mimi hukosa maneno. Ijumaa asubuhi nikachukua jembe, nikachimba shimo jingine nyuma ya migomba, mbali na kijito. Nikahamisha pampasi, chupa na mifuko kwa reki, polepole, nisikate mashina. Maganda na majivu nikayaacha pale pale.

Jumamosi mama jirani alikuja na kiberiti chake. Akachungulia shimo hili, akachungulia lile.

"Kumbe akili unayo, ila mdomo ndio huna!"

Akaenda kuwasha lile la nyuma ya migomba.

Boga lilikomaa. Bibi alilipika kwa tui la nazi, likawa kavu kama kiazi, tukampelekea mama jirani sufuria yake. Ilirudi imekombwa mpaka chini. Mbegu zikaanikwa kwenye ungo, nusu zetu, nusu zake. Mwaka huu maboga yametambaa mpaka uani kwake.

Shimo la maganda halijai upesi, hunywea lenyewe. La pampasi ndilo linalonisumbua: zikilowa haziungui, na moshi wake unawasha macho. Nyinyi kwenu mnazipeleka wapi? Niandikieni, hata kwa mwandiko kama wangu. Nitachelewa kujibu, lakini ndani ya bahasha nitawatilia mbegu.