Diski Zilizokerezwa Mara Mbili

Jambo lote liligharimu nusu milimita ya chuma na mguu wa kulia wa mtu mwingine. Mimi halikunigharimu hata faranga, na nikipiga hesabu hilo ndilo linaloniudhi.

Nilianza kazi Mahajanga, pwani ya Madagaska, mwishoni mwa miaka ya sabini, katika karakana yenye meza sita na mafundi wawili. Wengine, Wangazija kama sisi, walikuwa wameuhama mji kwa sababu ambazo nyumbani hazikuzungumzwa. Ndivyo nilivyopata ajira, sikumshinda mtu. Siku ya kwanza mkuu wa karakana, tuliyemwita Shefu, alinipa diski ya breki, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, akaniamuru nisome namba ndogo iliyogongwa ubavuni.

"Huo ndio unene wa mwisho," akasema. "Chini ya hapo si diski tena, ni sinia."

Pedi huibana diski pande zote mbili, zikisukumwa na pistoni kwa nguvu ya oili. Pedi zikilika juu ya diski nyembamba, pistoni hutoka kupita kiasi, oili humwagika na pedali huzama hadi chini. Niliyajua hayo kabla sijamaliza mwezi. Vipuri havikuja miaka ile. Pedi kuukuu tulizibandua, tukazigongea ribiti vipande tulivyokata kwenye breki za malori.

Baadaye Shefu alinipeleka kisiwa cha Nosy Be, nisimamie tawi lake mjini Hell-Ville. Chumvi ya kisiwani hula diski. Gari likilala siku tatu, ya nne linakwaruza. Mashine ya kukereza chuma niliyoijua ilikuwa moja, kwenye kiwanda cha sukari, na mkerezaji wake alitoza kwa kila mpito wa kisu juu ya chuma.

Saidi, dereva wa tajiri mmoja wa pale, aliniletea Pijo ambayo pedali yake ilitetemeka. Nikazipeleka diski kiwandani. Mkerezaji akapitisha mara moja, alama zikabaki, akasema basi, unene umekwisha. Mimi sijawahi kumwachia muuzaji bei yake ya kwanza. Nikataka mpito wa pili ndani ya bei ya ule wa kwanza, tukavutana kwa Kimalagasi mpaka akachoka.

"Nakupa," akasema, "lakini usinitaje."

Nikapima: nusu milimita chini ya namba. Nikapima tena. Chuma hakipatani bei.

Nikafunga pedi nene, zitakazoizuia pistoni kwa muda, nikamwambia Saidi arudi baada ya miezi miwili. Sababu sikumwambia, tajiri wake angejua, asingelipa. Miwili ikapita. Saidi alikuwa akipita mbele ya karakana na mizigo, ananipungia, "Kesho, fundi." Nami naitikia kwa kichwa.

Mwezi wa nne alikuwa Ankify, bandari ya ng'ambo, anarudi kisiwani. Pale abiria hushuka kwanza, ndipo gari huteremka kuingia pantoni, kwa hiyo alikuwa peke yake. Pedali ikazama. Gari likakosa njia, likagonga ubavu wa chombo, na bodi iliyobonyea ikambana mguu. Hospitali wakaukata.

Tajiri aliniita nikague. Pistoni ilikuwa nje, kavu kabisa. Mke wa Saidi alisimama kando, amejifunika kanga, ananitazama mdomo.

"Fundi, breki zilikuwa nzima?" tajiri akauliza.

"Nzima," nikasema.

"Basi alikanyaga vibaya."

Saidi akafukuzwa mikono mitupu.

Sasa nimestaafu, nimerudi Mahajanga. Saidi naye yuko hapa. Tunaswali msikiti mmoja, yeye juu ya kiti. Baada ya swala mimi ndiye ninayempa mkono ateremke ngazi, kisha tunakunywa kahawa. Ijumaa iliyopita alikuwa akimsimulia mgeni habari za mguu wake.

"Nilikanyaga vibaya mwenyewe," akasema. "Huyu kaka yangu alinitengenezea breki safi. Mimi ndiye niliyeharibu." Akanipigapiga begani.

Ninyi mnaoshika spana leo, diski mpya zimejaa madukani, nishaurini. Nikisema, nitamrudishia heshima yake na kumwondolea mtu anayemshika mkono ngazini. Nikinyamaza, atazikwa na kosa langu. Nimelipiga hesabu upande huu na upande ule, halitoki. Mngekuwa ninyi Saidi, mngetaka kuambiwa?