Pumzi za Miska Kwenye Dhahabu ya Watu

Asubuhi hii ya Januari baridi inauma ndani ya karakana moja ya Lewisham, London, lakini hita imezimwa makusudi. Upepo wake hupeperusha dhahabu.

Miska Abdulwakil ameinamia ubao uliochongwa maua. Anapitisha brashi pana shavuni ili ipate mafuta kidogo ya ngozi, ananasa kipande cha dhahabu chembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha anaupumulia udongo mwekundu uliopakwa juu ya mbao, kama mtu anayesafisha miwani. Unyevu wa pumzi ndio unaoishika dhahabu.

Kikohozi kinamkamata. Kipande kinaruka mpaka sakafuni.

"Zamani nikimaliza ubao mzima kabla ya chai," anasema akihema. "Skuizi pumzi hazinifikishi hata ua moja."

Karakana hii hutengeneza upya kumbi za Kifaransa za enzi za wafalme, kuta za mbao zilizojaa nakshi na dhahabu, kwa matajiri wa London wanaozitamani leo. Miska, mwenye miaka hamsini na sita, alikimbia Wete, Pemba, wakati wa machafuko ya kisiasa ya mwaka 2001. Hapa alianza kwa kufagia. Fundi mmoja mzee alimwona anavyookota mabaki ya dhahabu bila kuyakunja, akampa brashi.

Mwaka juzi kifua kilianza kumsumbua. Daktari alimwambia aache kazi, lakini zaidi ya nusu ya mshahara wake huishia kwenye kodi ya flat ya Peckham. Binti yake, Malak, alimsihi kwa Kiingereza chake cha kila siku: "Just tell him, Mum." Amweleze tu mwenye karakana.

Hakusema. Badala yake alianza kulowesha udongo kwa maji, kwa kificho.

Maji yakamponza. Wiki iliyopita ubao mmoja ulitoka mabaka. Mwenye karakana, Pradip, Mhindi mzaliwa wa Nairobi anayeishi Neasden, aliusogeza dirishani akautazama kwa muda.

"Hii ni maji, dada. Pumzi yako imeenda wapi?"

"Imenishia, Pradip bhai."

Hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma Miska zaidi. Alimwambia tu kwamba ukumbi huu ukikamilika, kazi inayofuata atapewa mtu mwingine. Miska akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi mezani.

Sasa umebaki ubao wa juu ya meko, ule ambao kila mgeni atauona kwanza. Pradip alitaka kumpa fundi mwingine. Miska akakataa katakata. Ameweka kiti pembeni. Anapumulia, anaketi mpaka kifua kitulie, anasimama tena. Maji hayagusi.

"Nyumba yenyewe sitoingia," anasema. "Watakaokaa humo hawatojua kama mie nilizaliwa. Lakini huu nataka niumalize kwa pumzi zangu, hizi hizi zilobaki. Zikisha, basi."