Mita Arobaini na Tano

Jirani yangu hapa Kayole hakuuawa na watu. Aliuawa na jiwe kutoka machimbo yaliyo nyuma ya ploti yetu, akinyoa ndevu uani, nami naandika haya kwa sababu cheti cha kifo kutoka ofisi ya usajili kinasema vinginevyo.

Tangu nistaafu nimeandika daftarini kila mlipuko wa baruti, kwa ajili ya malalamiko ambayo hayajawahi kujibiwa. Asubuhi ile mlipuko uliposikika macho yangu yalikuwa kwenye saa. Sekunde ya sita jiwe lilianguka.

Mwenye machimbo alidai kwamba hakuna jiwe liwezalo kuvuka wavu wake wa mita ishirini. Ofisi ikamwamini, ikaandika: alipigwa jiwe na watu wasiojulikana. Kwetu Eastlands kila mtu anajua maana yake. Anayepigwa mawe na watu ni mwizi. Kabla ya jioni shemeji wa mjane alipiga simu kutoka kwao Magharibi mwa nchi kuuliza marehemu alikuwa ameiba nini, maana kwao mwizi hazikwi ndani ya boma.

Niliketi na mjane mezani, nikamwandikia mlinganyo wa kipeo cha pili: kimo ni thelathini mara sekunde, toa tano mara sekunde mara sekunde tena. Tano ni nusu ya mvuto wa dunia; thelathini ni kasi ya kurushwa, ndiyo pekee inayofanya sekunde ya sita kimo kiwe sifuri. Jiwe liko chini. Kilele basi kiko katikati, sekunde ya tatu: tisini toa arobaini na tano. Mita arobaini na tano, zaidi ya mara mbili ya wavu. Mjane aliirudia hesabu kwa mkono wake mwenyewe, mara tatu, bila kulia.

Ofisini karani aliikokotoa upya kwenye simu yake.

"Mzee, hesabu iko sawa," akasema. "Lakini hiyo nafasi ishajazwa."

Nilimweleza utaratibu nilioufuata miaka yote ya utumishi wangu serikalini: kosa hukatwa kwa mstari mmoja, hutiwa sahihi, hupigwa muhuri. Akajibu kwamba mwenye muhuri yuko likizo. Nje, gari la kubeba maiti lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Mazishini niliisoma hesabu yote mbele ya ukoo. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha baba mdogo wa marehemu akauliza, "Hayo yameandikwa kwenye cheti?"

Nikasema hayajaandikwa.

Kaburi lililochimbwa mbele ya nyumba lilifukiwa likiwa tupu. Wakamzika nje ya boma.