Lebo Iliyomrekodi Mama

Kampuni ya filamu iliyomrekodi mama ilianzia Geita mjini, kwenye chumba nyuma ya duka la vipuri. Mwanzoni ilitengeneza filamu tu, za Kisukuma, zile za mke mwenza mchawi na mchimbaji aliyetajirika akasahau kwao. Huko Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, vibanda vya video vilijaa. Muziki waliuchukua kwa watu bila kuomba, mpaka wenye nyimbo walipowajia juu. Ndipo wakafungua lebo yao wenyewe ya muziki, wakabandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, wakatangaza kwamba sasa nyimbo zote zitakuwa zao. Walisema kweli.

Walifika kwetu Kishapu kumtafuta mama. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha kulima: yeye anaimba, wenzake wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Wakampeleka Geita, wakamsimamisha mbele ya maikrofoni. Hakuimba.

"Nitaimbaje nimesimama kama mgeni?" aliwauliza.

Wakaona anaringa. Hakuwahi kuimba wimbo wa kulima bila jembe mkononi, basi.

Ikabidi wao waje shambani na vyombo vyao. Baba alikuwa miongoni mwa waitikiaji. Mama aliimba, akanyamaza kuwasubiri, akaimba tena, na pamba ikapaliliwa kwelikweli, maana hakuna aliyekuwa tayari kupoteza asubuhi kwa ajili ya filamu.

Filamu ilipoletwa kijijini kwetu, jenereta lilizimika kabla ya wimbo, hatukuusikia. Lebo ilivuma kidogo, kisha simu zikaua biashara ya diski, nayo ikafa. Mama akafa pia, kwa ugonjwa tuliouita malaria mpaka tukachelewa. Baba hakuomba picha, aliomba sauti.

"Ng'wanawane, mwanangu, nenda Geita. Kaniletee mama yako nimsikie."

Aliyekuwa prodyuza wa lebo nilimkuta anatengeneza simu. Alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Dada, sauti ya mama ilikuwa chafu," alisema. "Mara kikohozi, mara ndama. Tukamleta binti mmoja wa Mwanza akauimba upya humu ndani. Mlio wa majembe tukaubakiza, ukawa biti ya wimbo. Zile sehemu za kungojana tukazikata, wateja hawapendi kungoja."

"Na ya mama iko wapi?"

"Tuliifuta. Tulihitaji nafasi ya filamu nyingine." Akanitilia wimbo kwenye flashi. "Chukua tu. Wimbo ni uleule."

Nililia njia nzima, bila kumwonea mtu aibu.

Nyumbani nilimweleza baba ukweli kabla sijawasha redio: anayeimba si mama, yaliyobaki ya siku ile ni majembe tu. Akasema niwashe. Majembe yakaanza, yule binti akaimba. Ana sauti tamu, siwezi kumsingizia. Ubeti wa kwanza ulipoisha baba aliinamisha kichwa, akaitikia, kwa nguvu, kama alivyoitikia shambani.

Binti hakumngoja. Aliingia na ubeti wa pili juu ya sauti yake, na baba, akidhani kosa ni lake, akajitahidi kuwahi.