Maharage ya Siku ya Sabato

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri. Nilikuwa nimeolewa hapa Nambis miaka miwili tu, na mdogo wangu Paulina alikuwa ameolewa boma la jirani. Tulibatizwa pamoja utotoni, tukaimba kwaya moja. Kisha yeye na mumewe wakahamia kwa ndugu wanaosali Jumamosi. Mimi nilibaki na Jumapili yangu, na nakiri, nilibaki na kinyongo pia. Niliona kama ameniacha njiani.

Siku hiyo walikuwa ibadani, mbali, ng'ambo ya korongo. Maharage yao yote ya mwaka yalikuwa yameng'olewa na kuanikwa uwanjani, yakingoja kupigwa. Mchana wingu likatanda ghafla. Nikatoka, nikasimama mpakani. Moyo mmoja uliniambia kimbia ukayaingize. Mwingine ukaniambia leo ni Sabato yao, hawataki kazi ifanyike kwao. Ukigusa, utakuwa umewadharau. Nikarudi ndani. Nikatoka tena. Mvua ikanikuta mlangoni, sijaamua.

Ndipo nikamwona baba mkwe wangu, Mzee Boay, mzee wa kanisa letu la Jumapili, na mguu wake mbovu, akiinama na kukumbatia maharage kuyapeleka kibarazani kwa Paulina. Nikakimbia kumsaidia, lakini tulichookoa kilikuwa kidogo.

"Ulikuwa wapi?" aliniuliza, maji yakimtiririka usoni.

"Nyumbani, baba. Niliogopa kuivunja Sabato yao."

"Uliogopa kuivunja, au ulitaka mvua imfundishe?"

Hata sasa nikijiuliza, naona yote mawili yalikuwamo, na sijui lipi lilikuwa kubwa. Kinyongo, mwanangu, huweza kuvaa nguo ya heshima, na mwenyewe usikitambue.

Mzee alitaka nimweleze Paulina kwa kinywa changu. Waliporudi, nilimweleza. Alisikiliza huku akigeuza maganda yaliyolowa.

"Na mimi sijui, dada," akasema. "Ungeyaingiza, pengine ningeona umeikanyaga imani yangu. Lakini tangu nihame hujawahi kuniuliza kitu chochote."

Maharage mengi yaliota pale pale chini. Nilimpelekea debe la kwangu. Alipokea, akashukuru, lakini ilipita miezi kabla hajacheka nami tena. Siku aliyocheka ni siku nilipomwuliza, "Jumamosi nikusaidie nini, na nisiguse nini?"

"Ng'ombe wanyweshe, jembe liache," alisema. "Na mvua ikija, ingiza kila kitu. Kwa Mungu nitajieleza mwenyewe."

Sasa nasikia wewe na kaka yako, mtoto wa Paulina aliyeko Haydom, mmeacha kupigiana simu. Yeye amesikia mahubiri haya kuhusu ubatizo, wewe umesikia yale. Nani ana haki? Sijui, mwanangu. Nimesoma Biblia mpaka macho yamechoka, na bado kuna mahali nachanganyikiwa. Mdogo wangu na mimi tumezeeka bila kukubaliana hata siku ya kusali.

Lakini wahenga walisema udugu ni kufaana, si kufanana. Unachokiamini kishike, usikiuze ili upendwe. Ila mwulize mwenzako anaamini nini kabla hujamjibia wewe. Na ukijikuta umesimama tu huku ndugu yako anaharibikiwa, jichunguze sana kabla hujasema ni imani iliyokuzuia. Nenda Haydom. Yeye ni mkubwa kwako, mwamkie shikamoo kama zamani. Mengine mtayaongea mkiwa mmekaa.

Mungu anayetujua kuliko tunavyomjua akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na miguu myepesi ya kwenda. Uishi, mwanangu, uwaone wajukuu zako wakila sahani moja, hata kama hawasali siku moja.